Albamu kumi za mwaka: namna ya kuandaa orodha yako ukiwa Kisumu, Kakamega au Nakuru

Orodha nyingi za mwisho wa mwaka huandikwa juma la pili la Desemba, mtu akiwa na simu mkononi akijiuliza alisikiliza nini mwaka mzima. Kinachomjia ni albamu za Oktoba na Novemba, wimbo mmoja uliopigwa katika kila matatu, na zile nyimbo ambazo programu ya simu inamwambia alizicheza sana. Albamu nzuri iliyotoka Februari imeshamtoka akilini. Ukitaka orodha ambayo jirani yako wa Kondele akiuliza "mbona hii na si ile?" utakuwa na jibu la kumpa, anza Januari. Utahitaji daftari moja, spika za masikioni zisizopasua sauti, na karibu saa mbili kwa juma.

Hesabu ni hii. Albamu 60 za dakika 45 ni saa 45 za usikivu wa kwanza. Kati ya hizo, 20 hivi zitastahili kurudiwa mara tatu zaidi, nazo ni saa 45 nyingine. Jumla saa 90 kwa mwaka, yaani chini kidogo ya saa mbili kila juma. Nafasi kama hiyo ukiwa nayo, orodha ya kumi ina uzito. Ukiwa na nusu yake, sikiliza albamu 30 utoe orodha ya tano. Orodha ya albamu 50 ya mtu aliyesikiliza 60 ni rejesta tu, maana karibu kila aliyefika ameandikwa.

Amua kwanza albamu ni nini

Katika sehemu zetu swali hili si dogo. Muziki wa benga, ule wa magita wa Wajaluo, ulikua kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Wimbo mrefu ulikatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa pili. Waliojenga muziki huo kando ya ziwa miaka ya 1960 na 1970 walifikiri kwa wimbo, hawakufikiri kwa albamu. Mpaka leo wanamuziki wengi wa benga na ohangla (muziki wa ngoma wa Wajaluo) hutoa wimbo mmoja mmoja kwenye YouTube. Kwaya nazo huita kazi zao "volyumu ya kwanza", "volyumu ya pili", zikiuzwa kwenye flashi baada ya ibada. Ukishika kanuni ya idadi ya nyimbo peke yake, utaifungia mlango nusu ya muziki wa nyumbani.

Programu kubwa za muziki huhesabu EP kuwa nyimbo nne hadi sita zisizozidi dakika 30, na albamu kuwa nyimbo saba au zaidi, au chochote kinachovuka dakika 30. Shika hicho kipimo cha dakika. Wimbo wa benga wenye dakika nane au tisa ni wa kawaida, kwa hiyo msanii akitoa nyimbo nne kama hizo chini ya jina moja amevuka nusu saa, nayo ni albamu halali. Ongeza masharti mawili: iwe imetolewa na msanii mwenyewe au kampuni yake, na iwe na mpangilio wa nyimbo aliouchagua yeye. Masharti hayo yanaondoa miksi za madijei, flashi zilizojazwa na duka, na mikusanyo ya nyimbo za zamani. Rekodi ya onyesho la klabu inaingia kama msanii ameitoa kwa jina lake. Kama ni mtu aliyechomeka kinasa sauti kwenye mikseri na kuuza, haiingii.

Singo bora ziwekee ukurasa wake nyuma ya daftari, kwani mwaka wa ohangla usio na ukurasa huo umeandikwa nusu.

Halafu kuna tarehe. Mwaka wako uanze tarehe 1 Desemba na uishe 30 Novemba. Sababu ni kwamba albamu nzito huweza kushuka wakati orodha zimeshafungwa: Beyoncé alitoa yake tarehe 13 Desemba 2013 bila tangazo, D'Angelo akafuata katikati ya Desemba 2014, na SZA tarehe 9 Desemba 2022. Anayefunga mwaka tarehe 31 Desemba atalazimika kuihukumu albamu aliyokaa nayo siku kumi akiilinganisha na aliyokaa nayo miezi kumi, na hapo haki haipo kwa yeyote kati ya hizo mbili.

Angalia pia kama kitu ni kipya kweli. Rekodi za zamani za benga hupandishwa mtandaoni kila mwaka, na tarehe inayoonekana juu huwa ni ya kupandishwa. Shuka hadi chini ya ukurasa wa albamu utafute alama ya ℗, herufi P ndani ya duara, pamoja na mwaka. Hiyo ndiyo inayohusu rekodi yenyewe. Alama ya © huhusu jalada na maandishi. Zikitofautiana, fuata ℗. Mwaka wa ℗ ukiwa wa sasa lakini muziki unasikika kama wa zamani, uliza kabla ya kuandika, kwa sababu kampuni inayotoa upya huweza kuweka mwaka wake. Matoleo mapya ya kazi za kale yapewe orodha yao, fupi, ya tatu au nne.

Daftari

Kitabu cha mraba cha kurasa 96 kinatosha mwaka mzima. Albamu moja, nusu ukurasa. Juu andika jina la msanii kama anavyoliandika mwenyewe, jina la albamu, tarehe ya kutoka, dakika zake zote, na kifaa ulichotumia. Hicho kifaa usikisahau: ukikuta Desemba kwamba albamu uliyoiona "nyembamba" uliisikiliza kwa spika ya simu, utajua kosa lilikuwa la nani.

Usitoe alama za kumi kwenye usikivu wa kwanza. Saba ya Januari si saba ya Oktoba. Kipimo hupanda na kushuka kulingana na ulichosikia juma lililopita. Andika herufi moja kati ya tatu: R ya kurudia, S ya kusubiri, A ya kuacha. Kisha, na hili ndilo la maana kuliko yote kwenye daftari, kesho yake asubuhi kabla hujagusa simu andika wimbo unaoweza kuuimba au kuupiga mluzi bila kuucheza. Kama hakuna, andika "hakuna". Albamu yenye S ambayo asubuhi imekuachia mdundo wa besi kichwani inapanda kuwa R. Albamu yenye R ambayo haikuacha kitu, iache hapo hapo kwenye R lakini weka nukta pembeni.

Tangu Julai 2015 albamu mpya hutolewa Ijumaa karibu dunia nzima, basi Ijumaa jioni ndiyo siku ya kuandika majina yanayokuja. Muziki wa hapa haufuati Ijumaa. Utaupata kwa kufuata kurasa za wasanii wenyewe, kwa kusikiliza redio zinazotangaza kwa Kijaluo na Kiluhya, na kwa kumuuliza anayeuza nyimbo soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili.

Faili na kifaa

Hapa ndipo orodha nyingi huharibika bila mwenyewe kujua, maana anaihukumu faili akidhani anauhukumu muziki.

Anza na ukubwa. Faili ya kilobiti 320 kwa sekunde hula megabaiti 2.4 kwa dakika, kwa hiyo albamu ya dakika 45 ni megabaiti 108. Ya kilobiti 160 ni megabaiti 54. Ya kilobiti 96 ni kama 32. Albamu 60 kwa kilobiti 160 ni gigabaiti 3.2 hivi, kwa 320 ni 6.5. Pakua mara moja penye Wi-Fi, kisha sikiliza bila mtandao. Anayestrimu kila akirudia atalipia albamu ileile mara nne. Kilobiti 160 kwenye programu nzuri zinatosha kuhukumia muziki. Chini ya hapo kayamba, gara (njuga za mguuni) na matoazi huanza kusikika kama maji yanayochemka, na utamlaumu mpiga ngoma bure.

Faili za kujaziwa kwenye flashi ni suala lingine. Wimbo ulioshushwa kwenye video, ukageuzwa MP3, ukapita mikono mitatu, umepoteza sauti za juu na haziwezi kurudi. Wapo wanaoigeuza faili ya kilobiti 128 kuwa 320 ili ionekane kubwa. Uzito unaongezeka, sauti inabaki ileile. Ukiwa na kompyuta, ifungue kwa Spek, programu ya bure inayochora sauti. Faili halisi ya 320 huchora rangi hadi karibu kilohezi 20. Iliyodanganywa hukatika ghafla karibu na 16, kama ukuta. Faili ya namna hiyo usiiandikie hukumu. Nunua au pakua iliyo safi.

Mpangilio nao hupotea kwenye flashi. Wufa na redio nyingi za magari hucheza faili kwa mfuatano zilivyonakiliwa, nyingine kwa mfuatano wa majina. Ukiandika 1, 2, 3 hadi 12, kifaa kinachofuata majina kitacheza 1, kisha 10, 11, 12, ndipo 2. Andika 01, 02, 03. Kisha nakili faili moja moja kwa utaratibu huo kwenye flashi iliyofutwa kabisa. Ukizitupia zote kwa pamoja, kompyuta inaweza kuzipanga itakavyo. Ni kazi ya dakika tano, nayo inakupa albamu jinsi msanii alivyoitaka: wimbo wa mwisho uwe wa mwisho.

Kwenye simu, rekebisha mambo manne kabla ya yote. Zima kuchanganya nyimbo. Zima kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine. Zima kuendelea kwa nyimbo za kupendekezwa baada ya albamu kuisha, la sivyo hutasikia mwisho wake. Na zima kuongeza besi pamoja na rangi zozote za sauti ulizoziweka. Baadhi ya programu za bure huchanganya nyimbo utake usitake. Hizo zitumie kugundua muziki, si kuupima.

La tano linastahili maelezo. Washa kusawazisha ukubwa wa sauti. Sikio la binadamu huona kilicho juu kidogo kuwa bora, hata tofauti ikiwa ndogo kiasi kwamba hujui ipo. Albamu iliyobanwa na kupandishwa studioni itaishinda iliyorekodiwa kwa utulivu ukizicheza moja baada ya nyingine, ingawa muziki wake ni dhaifu. Spotify hulenga kiwango cha −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika) kwa kila kitu ukiwasha kusawazisha. Kwa faili zako mwenyewe, foobar2000 kwenye kompyuta hufanya kazi hiyo bure kupitia ReplayGain. Chagua kusawazisha kwa albamu, usichague kwa wimbo. Ukichagua kwa wimbo, ule wa sauti na nyatiti (kinubi cha Wajaluo) peke yake utapandishwa ulingane na wa bendi nzima, na umbo la albamu litakuwa limevunjwa.

Spika ya simu iache. Uzi mnene wa gita la besi ukipigwa wazi hutetema mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kufika karibu na hapo. Kwenye benga besi haiko kwa ajili ya kusindikiza, inazungumza na gita la solo mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo anayesikiliza benga kwa spika ya simu anasikia nusu ya mazungumzo. Spika moja ya Bluetooth ina tatizo la pili: huunganisha kushoto na kulia. Katika rekodi nyingi za stereo gita la solo na la ridhimu hukaa pande tofauti, na zikibanwa pamoja moja humeza jingine. Spika za masikioni za waya zenye sauti safi zinatosha, mradi vipira vyake vizibe sikio vizuri. Zikilegea, besi inatoka. Ukitumia wufa, weka kitufe cha besi katikati na usikiguse hadi Desemba.

Mahali na saa

Mvua ya alasiri juu ya mabati humaliza muziki wote wa nyuzi. Huko magharibi inajulikana saa zake, basi panga kazi za utulivu ziwe asubuhi, saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja, kabla bodaboda na jenereta hazijaanza. Albamu za kelele zinaweza kwenda jioni. Usikivu wa kwanza usiufanye ndani ya matatu, hata kama una vizibo masikioni. Mngurumo wa injini hufunika besi, na wewe hupandisha sauti kuufukuza. Usikivu wa tatu waweza kuwa safarini, na ni mzuri hapo: unajua tayari kilichomo.

Kuhusu kupandisha sauti, Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kila desibeli tatu za kuongeza hukata muda kwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa tano. Aliyeketi kando yako akiusikia wimbo kutoka masikioni mwako, punguza.

Mara nne, si moja

Usikivu wa kwanza ni wa moja kwa moja bila kusimamisha, bila kuandika, simu ikiwa imewekwa isipokee ujumbe. Wa pili uwe baada ya siku moja au mbili, na hapo ndipo unaandika: wimbo gani, dakika ya ngapi, kitu gani. Wa tatu baada ya majuma mawili. Wa nne baada ya miezi miwili. Nafasi hizo zina sababu. Wimbo unaokaa kichwani kwa kurudiwa kiitikio hushinda siku tatu za kwanza na huanza kuchosha juma la pili. Wimbo wenye gita lililojaa mambo madogo madogo hufanya kinyume chake.

Albamu zenye A zisirudiwe, isipokuwa tatu kwa mwaka. Mwezi wa Septemba chagua A tatu ambazo watu unaowaheshimu masikio yao wanazisifu, uzipe nafasi ya pili. Hapo hupatikana moja, si zaidi.

Zilizotoka Oktoba na Novemba hazitapata miezi miwili. Zipe usikivu tatu ndani ya siku 20, na upangaji wako uanze tarehe 10 Desemba.

Unasikiliza nini hasa

Kwenye benga sikiliza namna wimbo unavyofunguka. Sehemu ya kuimba hutangulia, kisha sauti zinanyamaza na magita yanashika usukani kwa kasi zaidi hadi mwisho. Bendi hafifu hurefusha sehemu hiyo kwa kurudia kipande kimoja. Bendi nzuri hubadilisha kitu kila baada ya mizunguko michache: solo inapanda, besi inajibu kwa njia nyingine, ngoma inaacha pengo. Andika dakika ambapo badiliko linatokea. Ukikosa la kuandika kwa dakika tatu mfululizo, hilo ni jibu.

Kwa nyatiti, tafuta chuma. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye mwili wa chombo, na gara mguuni hujibu. Rekodi inayokupa nyuzi nane tu bila pete imeacha ngoma yote nje. Kama hujawahi kusikia chombo hiki kikiwa kimerekodiwa vizuri, albamu ya Ayub Ogada ya 1993, En Mana Kuoyo, ni kipimo cha kuanzia. Orutu, fidla ya Wajaluo, una uzi mmoja na hulia karibu na sauti ya mwimbaji. Fundi wa studio asiyejua huviweka mahali pamoja vikapigana. Litungu ya Bungoma na obokano ya Kisii, vinubi vyote viwili, zina besi ndefu ambayo kinanda cha kisasa huizika haraka. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na uchezaji wake wa Waisukha na Waidakho uliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Albamu ya kisasa ikisema ina isukuti, hesabu: unasikia tatu, au moja iliyorudiwa na kompyuta?

Lugha usiikwepe. Albamu ya Kijaluo ikisikilizwa na Mluhya, au ya Kibukusu ikisikilizwa na mtu wa Nakuru, ipewe dakika 30 za kukaa na mzungumzaji wa lugha hiyo. Mwombe akueleze nyimbo tatu, wala si kila neno. Na uelewe mahali pa majina. Katika benga na ohangla msanii hutaja wafadhili, marafiki na mashemeji katikati ya wimbo, na pakruok, ule utamaduni wa kujisifu na kusifiana kwa maneno yaliyopambwa, ni sanaa yenye kanuni zake. Kumtoa msanii makosa kwa sababu "anataja watu tu" ni kutolijua shamba unalolima. Swali halali ni kama sifa zimeundwa vizuri: picha ni mpya, zinaingia kwenye mdundo, au ni orodha ya majina iliyobandikwa baadaye.

Kupanga

Tarehe 10 Desemba kata karatasi 20, kila moja na jina la albamu. Usizipange zote kwa mkupuo. Weka ya kwanza mezani. Chukua ya pili, jiulize iko juu au chini. Ya tatu na kuendelea, linganisha na iliyo katikati ya safu. Ikiwa juu, nenda katikati ya nusu ya juu, hivyo hivyo hadi ipate mahali pake. Kwa karatasi 20 hutazidi maswali 69, wakati kulinganisha kila moja na kila nyingine kungekuwa maswali 190.

Swali liwe lilelile kila mara, na liwe la kitu halisi: kati ya hizi mbili, ningebaki na ipi kwa safari ya Kisumu hadi Nakuru nikiwa siwezi kupakua nyingine? "Ipi ni muhimu zaidi" ni swali la kuogopa watu. Utajibu kwa jina la msanii badala ya masikio yako.

Wakati mwingine duara litatokea: ya kwanza inashinda ya pili, ya pili inashinda ya tatu, ya tatu inashinda ya kwanza. Maana yake unazipima kwa vitu tofauti. Zicheze zote tatu siku moja, kuanzia wimbo wa nne wa kila albamu, kwa sababu nyimbo za mwanzo huwekwa kukuvuta na huficha udhaifu wa katikati. Ukikwama namba tisa na kumi, ziache zigawane nafasi. Juu ya namba tano usikubali sare.

Sasa fungua daftari uhesabu miezi. Kama saba kati ya kumi zimetoka baada ya Agosti, rudi kwa zenye R za Januari hadi Aprili uzisikilize tena. Karibu kila mara mbili zitarudi ndani.

Mkiwa kikundi

Marafiki wanne wa Maseno au kikundi cha WhatsApp cha watu 30, njia iliyo bora ni ile iliyotumiwa na kura ya kila mwaka ya Pazz & Jop ya gazeti la Village Voice la New York: kila mpiga kura anachagua albamu 10 na kuzigawia pointi 100, hakuna inayopata chini ya 5 wala zaidi ya 30. Kwa njia hiyo aliyependa albamu moja kupita zote anaweza kusema hivyo, na asiye na uhakika anagawa kumi kumi.

Onyesheni idadi ya wapiga kura kando ya pointi. Tuseme albamu ya kwanza imepata 20, 8 na 9, jumla 37 kutoka kwa watu watatu. Ya pili imepata 30 kutoka kwa mtu mmoja. Ya tatu 15 na 12, jumla 27 kutoka kwa wawili. Ya pili inaipita ya tatu kwa nguvu za mtu mmoja, na msomaji ana haki ya kuliona hilo. Wekeni sharti kwamba albamu iwe na wapiga kura wawili ndipo iingie kwenye kumi bora. Pointi zikilingana, yenye wapiga kura wengi itangulie. Kura ziletwe kwa mmoja faraghani na zitangazwe kwa pamoja. Zikiwekwa wazi moja moja, watu wa mwisho hufuata wa kwanza. Ndugu, meneja au mpiga gita wa bendi asiipigie bendi hiyo, na hili lisemwe mapema ili lisimlenge mtu.

Kuandika

Maneno 60 hadi 80 kwa kila albamu yanatosha. Kila kipande kiwe na mambo matatu: sauti yake ikoje, wimbo mmoja na dakika yake, na kwa nini iko juu ya inayoifuata. "Kali", "moto" na "ameua" hazimwambii msomaji kitu, kwa sababu zinaweza kubandikwa kwa albamu yoyote. Linganisha na hii: "dakika ya 3:10 besi inaacha kufuata solo na kuanza kuiuliza maswali". Msomaji anaweza kwenda hapo akasikia, akakubali au akakataa.

Taja waliopiga. Mpiga besi wa benga, mtayarishaji wa Kakamega, waimbaji wa kuitikia: majina yao hukosekana kwenye programu za muziki, na orodha yako inaweza kuwa mahali pekee yalipoandikwa mwaka huo. Tuma ujumbe kwa ukurasa wa msanii uombe majina na tahajia sahihi. Wengi hujibu ndani ya siku mbili, ukiuliza kwa heshima na kueleza ni ya nini.

Mwisho wa kila kipande sema albamu inapatikana wapi kwa njia inayomlipa msanii. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya dijitali, pamoja na gharama ya malipo, na sehemu kubwa inayobaki humfikia msanii. Kama albamu inauzwa kwenye maonyesho pekee, andika hivyo, na uweke namba ya malipo ikiwa tu msanii mwenyewe ameitangaza hadharani. Kabla ya kuituma, cheza namba moja na namba kumi mfululizo, mwanzo hadi mwisho, asubuhi ya siku hiyo. Ukitamani kuzibadilishana, zibadilishe.